Watoto Wasioitika

Nyinyi mnaoingia wodi ya watoto siku hizi mnakuta kila mtoto ana namba mkononi na jina lake limebandikwa kitandani. Ni utaratibu mzuri, siupingi. Lakini siku ile mliponikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote hii hajanisikia nikimwita mtoto kwa jina. Nilicheka tu, maana mdomo ulikuwa umejaa keki. Jibu lake ni refu na mimi huandika polepole, kwa hiyo nimelileta kwa karatasi.

Niliingia kazini mwaka 1990. Baba alikuwa fundi cherehani pale Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa mjini, na alitaka nirithi meza yake. Nilipomaliza shule ya msingi nilikaa naye mlangoni kwa muda mrefu, lakini nilikuwa na haya, na mteja akisimama mbele yangu niliangalia viatu vyake. Baba alivumilia, mwishowe akasema, "Fundi asiyeweza kusema karibu atakula uzi." Wakati huo alikuwa amepewa mashuka ya hospitali ayapinde. Siku aliyoyarudisha alinipeleka na mimi, akaniacha huko pamoja na mashuka.

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto aliitwa Verediana. Alikuwa mama mrefu, mwenye raba nyeupe alizozipaka chokaa mwenyewe kila Jumatatu. Alinipa ndoo, chupa ya javeli ya kuulia vijidudu na ule ufagio wa mpira wa kusukumia maji, rakleti. Akanionyesha kwamba maji husukumwa kutoka ukutani kuja mlangoni, tena kwanza unainua viatu vya wazazi vilivyo chini ya vitanda. "Mzazi anaweza kukusamehe mengi," alisema, "lakini ukimlowesha kiatu na mtoto wake anaumwa, hilo hasahau." Halafu akaniuliza jina langu. Niliziambia raba zake kwamba naitwa Saidi.

"Saidi wa Biryogo. Nyinyi Waswahili tunawajua kwa maneno mengi. Ya kwako umemwachia nani?"

"Dada zangu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Sikuulizwa swali jingine la kazi hadi leo.

Wodini tulizungumza Kinyarwanda, na Kiswahili kidogo kwa wazazi wa Nyamirambo na wale waliotoka upande wa Kongo. Maneno ya watu nayaandika hapa kwa Kiswahili changu cha nyumbani, isipokuwa machache mtakayoyaona.

Kila siku, joto la watoto likishapimwa mchana, Verediana alikalia kigoda katikati ya wodi na kusimulia hadithi. Alianza kwa maneno ya wazee wa Rwanda, kwamba palikuwa, na pasiwe tena, wakafa mbwa na panya, wakabaki ng'ombe na ngoma. Nyumbani kwetu bibi alisema paukwa, nasi tukamjibu pakawa, basi, hakuna aliyekufa. Siku ya kwanza nilishtuka kidogo. Nilipozoea nikaona kwamba katika nchi ambayo hadithi haianzi mpaka mbwa na panya wamekufa, hakuna haja ya kudai watoto hawajui kifo.

Alizianzisha hadithi hizo kwa sababu ya vitanda. Mtoto akilala kitanda cha dirishani leo, kesho akute godoro limekunjwa na nimeshapiga javeli, huuliza. Kabla ya hapo wakubwa walimjibu kwamba mwenzake amesafiri. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyejibiwa hivyo, na mama yake alipotaka kupanda basi kwenda kumwangalia mdogo wake, mtoto yule alimng'ang'ania kitenge akapiga kelele hadi basi likaondoka. Tangu hapo Verediana alipiga marufuku safari. Katika hadithi zake mnyama aliugua, akanywa dawa, na kama ni wa kufa, alikufa. Na hakufa kwa kuwa alikaidi. Katika hadithi nyingi tulizokua nazo, anayeliwa ni yule asiyemsikia mama yake. Verediana aliniambia tukikunja mashuka, "Mtoto mgonjwa akisikia hiyo, atahesabu makosa yake yote." Hakusimulia kamwe kabla ya sindano, ili watoto wasije wakaogopa kigoda kama walivyoogopa trei. Na mtoto akiitwa kupimwa damu katikati ya hadithi, alinyamaza akamsubiri arudi, hata kama wengine walinuna.

Mimi nilisikiliza nikisugua. Sakafu ya katikati ya wodi ilikuwa safi kuliko pembe zote, na Verediana alijua sababu.

Mwaka 1992 walilala jirani watoto wawili, Tito na Uwase. Tito alikuwa na ugonjwa wa figo, uso umevimba hata macho yakabaki mistari miwili, lakini hapakuwa na mchokozi kama yeye. Mnajua mtoto wa Rwanda akiitwa hufundishwa kuitika "Karame!", neno ambalo ndani yake linamtakia anayekuita maisha marefu. Tito aliitika hivyo akiitwa, na aliitika wengine wakiitwa pia. Daktari akisema "Uwase," Tito alijibu kwa sauti nyembamba, "Karame!" Akiitwa mtoto wa kike wa kitanda cha mwisho, Karame. Siku moja waliita mpishi kwenye korido, Tito akaitika, na mpishi akaingia kumtishia kwa mwiko.

"Wewe utaitwa na simba siku moja!"

"Akiniita nitamwambia mpishi mnono iko hapa!"

Uwase alikuwa na umri wa miaka saba hivi, mtoto wa mtaa wa Gatsata, analelewa na bibi yake aliyeuza mkaa. Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, ule unaoanza na koo na viungo. Hakuwa msemaji, lakini Tito akimwitikia alijifunika shuka akatetemeka kwa kicheko, na bibi yake akasema, "Cheka taratibu, moyo wako si wa mkopo."

Tito alifariki asubuhi moja ya mvua. Mama yake na shangazi zake walikuja kumchukua, na kama ilivyo adabu yetu hawakutamka kwamba amekufa. Walisema, "Tito yitabye Imana." Hayo nayo ni kati ya maneno niliyosema nitayaacha kama yalivyo. Maana yake ni kwamba ameitika wito wa Mungu. Waislamu wa Biryogo nao husema hivyohivyo. Ni maneno mazuri, na kila aliyepita kando ya kitanda kile siku hiyo aliyarudia.

Kesho yake daktari alimwita Uwase, naye hakuitika.

Daktari wetu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwita tena. Mtoto alimtazama, macho wazi, kinywa kimefungwa. Siku ya pili vilevile. Bibi yake alipofika na chupa ya maziwa alimwita kutoka mlangoni, kimya. Akakaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Daktari alitueleza sote, hata mimi mwenye rakleti, kwamba moyo wenye ugonjwa ule unaweza kutupa punje ya damu iliyoganda, na punje hiyo ikipanda kichwani mtoto hupoteza maneno. Alimpima mikono, akampiga nyundo magotini, akamwambia ainue kikombe. Alikiinua vizuri. "Mkono ni mzima," daktari alisema, "na bado naogopa." Aliamua kwamba asiposema, atachomwa sindano ya uti wa mgongo na kuanzishiwa dawa nzito ambazo moyo ule huenda usizibebe. Alimwambia bibi yake waziwazi kwamba kumwacha ni hatari na kumtibu ni hatari. Bibi akauliza, "Basi niombe lipi?"

Verediana aligundua kwamba Uwase alikuwa akivuma wimbo alipokunywa uji. Daktari naye alisema kwamba aliyepoteza maneno anaweza kubaki na wimbo, hilo si ushahidi. Waliendelea kumwita kila walipopita, kwa upole, kwa mzaha, kwa ukali kidogo. Kila aliyempenda alimwita.

Mimi sikumwita. Msinisifu, sikuwa nimewaza lolote. Sikuwahi kumwita mtu yeyote kwa jina, haya ilinizuia. Nilifika tu, nikainua viatu, nikasukuma maji. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda chake, natafuta kifuniko cha chupa, nikasikia sauti juu yangu.

"Wewe huniiti."

Niligonga kichwa kwenye chuma. Nikabaki palepale chini, maana nilijua nikitoka nitashindwa kusema.

"Siiti watu," nikasema.

"Hata ndugu zako?"

"Nawafuata walipo."

Alifikiri. "Wewe unaitwa nani?"

"Saidi."

Halafu akasema kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeiba, "Tito aliitwa, akaitika, akaenda. Mama yake alisema."

"Ndiyo maana wewe huitiki?"

"Tito alikuwa ananiitikia mimi." Nilisikia chuma cha kitanda kikilia, alikuwa amegeuka. "Labda ni mimi Mungu aliniita. Tito akafanya mchezo wake."

Nilipotoka nilimfuata Verediana kwenye kabati la dawa nikamweleza yote, nikiangalia raba zake. Aliketi juu ya sanduku la pamba. Kisha akamwita daktari, akanifanya nirudie. Daktari alivua miwani. "Nimemwambia bibi yake kuhusu punje ya moyo," alisema, "na mtoto mwenyewe alikuwa amebeba hili." Aliahirisha sindano ya mgongo kwa siku mbili. Si zaidi, alisema, maana mtoto anaweza kuwa na huzuni na punje kichwani kwa pamoja.

"Basi leo kuna hadithi," Verediana akasema. "Nawe ndiye utakayesimulia."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine ameambiwa siri? Mimi nikisimulia, atajua umenipa. Na usimtaje Tito."

Sitaki kuwaeleza jinsi nilivyokaa kwenye kigoda kile. Mtoto mmoja aliuliza kama nimekaa nichomwe sindano. Nilisimulia nikiangalia vidole vyangu, na nilisahau kabisa kuanza na mbwa na panya, wakanikumbusha kwa kelele.

Nilisema kwamba kwenye bonde la chini ya Gatsata aliishi chura aliyependa kuitika. Mchungaji akiita ng'ombe wake, chura aliitika. Mama akiita mwanawe aje kula, chura aliitika. Rafiki yake alikuwa konokono, mzito wa kusema, na konokono akiitwa, chura alikuwa amekwisha kuitika. Watoto walicheka, wakaanza kuitika Karame kila nilipovuta pumzi, ikawa shida kuendelea. Kisha nikasema chura aliugua tumbo. Alikuwa ameanza kuugua kabla ya mvua, tumbo likavimba, akanywa dawa chungu, na dawa haikuliweza tumbo lile. Chura akafa.

"Kabisa?" aliuliza mtoto wa kitanda cha mwisho.

"Kabisa."

Nikasema konokono alijifungia ndani ya nyumba yake, asitoke tena akiitwa, kwa sababu alidhani kifo kilimwita yeye na chura akaitika badala yake. Mama wa chura akaja, akakaa nje ya nyumba ya konokono. Akasema, "Mwanangu alikufa kwa tumbo lake. Ugonjwa hauna mdomo. Hauwezi kuita mtu, kwa hiyo hakuna awezaye kuuitikia, si kwa ajili yake, wala kwa ajili ya mwenzake. Sisi wakubwa tulisema ameitika kwa sababu neno lile jingine lilikuwa linatuumiza mdomoni."

Nilidhani nimemaliza. Lakini Uwase aliinua kichwa, na mbele ya wodi nzima akauliza, "Konokono naye ni mgonjwa?"

Nilimtazama Verediana. Alikuwa anafuta vipimajoto, anafuta kile ambacho ameshakifuta, na hakuinua macho.

"Ni mgonjwa," nikasema.

"Atakufa?"

"Sijui. Leo iko hapa. Inakunywa uji."

Uwase alilala tena. Verediana aliniambia mlangoni, "Umeifanya vizuri," lakini uso wake haukuwa umetulia, na wangu pia, kwa sababu jioni bibi yake alimwita na mtoto hakuitika.

Asubuhi iliyofuata, daktari alikuwa kwenye kitanda cha tatu na wanafunzi wake wamemzunguka, nami nipo mlangoni na ndoo. Sauti ikakata wodi yote.

"Saidi!"

Kila mtu aligeuka. Uwase alikuwa ameketi wima kitandani, ananitazama kama mtu anayetazama iwapo daraja litambeba. Nikaelewa alichotaka kuona. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wananiangalia, na mimi nilitamani kuingia ndani ya ndoo.

"Karame!" nikaitika, na sauti ikapasuka kama ya jogoo mdogo.

"Kumbe huyu naye ana sauti," daktari akasema.

"Nyamaza, daktari," Verediana akamwambia. "Huyu anafanyiwa kipimo."

Na kweli siku hiyo nilipimwa. Kila nilipopita, macho ya Uwase yalinifuata. Nilipotoka kumwaga maji, alimtuma mtoto wa kitanda cha mwisho, ambaye aliweza kutembea, achungulie dirishani.

"Bado iko?"

"Iko. Inaosha vyoo."

"Inapumua?"

"Inapumua. Inaimba vibaya."

Nilikula mchana nikitazamwa. Verediana alinikataza kupanda ngazi kufuta vioo. "Ukianguka leo," alisema, "hadithi yote imeharibika."

Siku ya pili ya daktari, ile ya mwisho, alifika kitandani kwa Uwase akasimama na faili lake. Hakumwita mara moja. Nadhani naye aliogopa. Kisha akasema, polepole, "Uwase."

Mtoto alinitazama kwanza. Nilikuwa hai, nimeshika rakleti.

"Karame."

Bibi yake, aliyekuwa kwenye mkeka, alipiga makofi mara moja halafu akaficha mikono, kama mtu aliyepiga makofi kanisani. Daktari alikaa kitandani, jambo ambalo aliwakataza wanafunzi wake kila siku.

Uwase alitoka baada ya wiki chache. Alirudi kila mwezi kwa sindano yake ya moyo, na alianza kuniita tangu kwenye geti, kwa sauti iliyowafanya walinzi wanisalimu kwa jina. Mimi nilianza kukalia kigoda siku ambazo Verediana hakuwepo, kisha hata siku alizokuwepo. Miaka hiyo ndiyo ninayoiota nikilala mchana, sasa nina nafasi ya kulala mchana. Harufu ya javeli na maziwa yaliyochemka, watoto wakiitika hovyo kwa ajili ya chura, Verediana akikaripia kelele huku akiitika naye.

Katika mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Verediana aliuawa. Sisemi aliitika. Waliomwita walikuwa watu, walimwita kwa jina lake, nje ya mlango wake. Daktari sijui alikoishia. Uwase na bibi yake niliwatafuta Gatsata mara nyingi, na sijui.

Wodi ilipofunguliwa tena kabla mwaka haujaisha, nilirudi, na walinipa rakleti mpya. Wauguzi walikuwa wageni, wengine walikulia Uganda au Tanzania, wachapakazi. Walikuja kwangu na shida moja. Watoto wengi hawaitiki. Unamwita mtoto ambaye jina lake limeandikwa, anakutazama, au anajikunja chini ya kitanda asipumue. Muuguzi mmoja kijana aliniuliza, "Mzee Saidi, hawa wana viziwi wangapi?" Alikuwa ameniita mzee, na sikuwa hata na mke.

Nilimwambia hakuna kiziwi. Hawa walikuwa wamejificha kwenye dari na kwenye mashamba ya mtama, na majina yao yakaitwa kwa sauti, hata na majirani waliowajua. Aliyeitika hayupo. Hawa ni wale walionyamaza. Nilimwambia pia kwamba kwao sina hadithi, maana mama wa chura asingeweza kuwaambia kwamba kifo hakina mdomo. Walikuwa wamekisikia.

Kwa hiyo niliacha kigoda ukutani. Nilipokuwa napiga deki nilisimama kwenye kila kitanda, bila kutaja jina la mtoto, nikasema, "Mimi ni Saidi. Ukinihitaji, niite." Halafu nikaendelea na kazi. Nilisema hivyo kila asubuhi, na muuguzi yule kijana aliniona kama nimechanganyikiwa, ila hakunizuia. Hakuna aliyeniita. Walinitazama nikiinua viatu, ingawa wengi hawakuwa na wazazi wa kuwaachia viatu chini ya kitanda, na vilivyokuwepo vilikuwa vyao wenyewe, vidogo.

Mchana mmoja nilikuwa nimeshafika mlangoni na maji yangu yote. Nyuma yangu, kutoka chini ya kitanda, jina langu likasemwa, kwa sauti isiyozidi mkwaruzo wa kucha kwenye shuka. Sikugeuka haraka. Niliweka rakleti chini, nikavuta pumzi, nikaitika kwa sauti ambayo watoto wote wangeisikia, hata wale waliojifunika. Kisha nikabaki nimesimama pale mlangoni, waniangalie kadiri wanavyotaka.